Hatua Kumi na Nne za Fundi Koleo

Nilikuwepo. Nalitanguliza hilo mapema ili mtu asinisumbue mbele ya safari. Wapo watakaokusimulia habari ya Koleo na Sumaku, na ukiwabana kidogo wanakiri waliisikia kwa shemeji wa jirani. Mimi nilikaa palepale, dirishani kwangu, pasi mkononi, na macho haya mawili yanayouona uzi mweusi kwenye suruali nyeusi yaliona kila kitu, tangu kikombe cha kwanza hadi birika lilipoinamishwa likatoa tone moja. Kijiwe chenyewe ni mlango. Sitanii: duka la vitabu la jirani lilipofungwa, mlango wake uling'olewa ukalazwa juu ya matofali manne ya saruji, chini ya dirisha la kibanda changu cha kushonea, na tangu hapo ndio benchi letu. Tundu la kitasa bado lipo, na kwa sheria ya kijiwe anayekuja wa mwisho hukalia tundu. Bi Birika huweka jiko lake upande wa kivuli, vikombe vyake ndani ya ndoo, na kuanzia alasiri hakuna jambo la dunia hii ambalo haliamuliwi pale.

Siku hiyo aliyekalia tundu alikuwa Koleo, na haikuwa kawaida yake kuchelewa.

Koleo ni fundi umeme. Jina alilipata kwa ile klampu anayoning'iniza kiunoni kama askari na bastola yake: mita yenye mdomo wa koleo, unaubana waya kwa juu bila kuukata, nayo inakwambia umeme kiasi gani unapita ndani. Umeme ukipita kwenye waya huzungukwa na usumaku, na ule mdomo huunusa. Alinieleza hayo mara moja nikayashika, ingawa niliacha shule darasa la sita, kwa kuwa walimu walikuwa wamechoka kunijibu. Na yaliyokuwa moyoni mwake siku ile alinieleza baadaye, siku tatu mfululizo, bila kuulizwa. Kwa hiyo nikisema Koleo aliwaza hivi au vile, ujue sibahatishi.

Alichelewa kwa sababu alikuwa ameuzunguka mtaa mara tatu. Alikuwa na neno la kumwambia Sumaku, na Sumaku alikuwa anahama. Binti yake alikuwa njiani kuja kumchukua alasiri ileile akaishi naye mji mwingine, na mizigo ilikwisha kufungwa. Neno lenyewe Koleo alikuwa amelibeba miaka saba na nusu. Kila siku alisema kesho, na sasa kesho zilikuwa zimemwishia. Alipanga amvute mzee pembeni, wasimame nyuma ya kibanda, amwambie, basi. Lakini alipofika alikuta benchi limejaa watu waliokuja kuaga, na mwenzetu Redio alikuwa ameshaanza maneno yake.

Ngoja kwanza nikuambie Sumaku ni nani, maana bila hilo utapotea.

Kabla hajawa Sumaku aliitwa Mwiko, na hilo lilikuwa jina la heshima. Alikoroga sabuni kiwandani miaka kumi na tisa. Mwanzoni alikoroga kwa mti mrefu kama kasia. Baadaye ikaletwa mashine ya kukoroga, akapewa yeye aiangalie. Sabuni ikikorogwa pungufu hupasuka ikikauka, kwa hiyo mashine ilifungwa kihesabio: kipande cha sumaku kwenye mhimili unaozunguka, na pembeni yake sensa, kitambuzi kidogo kama kifungo cha koti. Kila sumaku ikipita mbele ya sensa, namba inaongezeka moja. Ikifika elfu nne, sabuni inamwagwa kwenye fremu. Mwiko aliziandika namba hizo kila siku kwenye daftari, kwa mwandiko ambao hata karani wa ofisini aliuonea wivu.

Halafu sabuni zikaanza kupasuka. Mche baada ya mche, zinachanika kama kisigino cha mtu wa shamba. Msimamizi akaingiwa na wazo kwamba Mwiko anaizima mashine, analala juu ya magunia, kisha anakidanganya kihesabio kwa kupitisha sumaku mbele ya sensa kwa mkono. Wakampekua. Mfukoni mwa aproni walikuta sumaku ya spika kuukuu, ya kuokotea skrubu zinazodondoka chini ya mashine. Alipewa na Redio. Na juu ya hiyo sumaku wakamwekea karatasi mezani: kuna kipimo kilitegwa kwa siri kwenye umeme wa mashine yake. Siku nne kihesabio kilisoma mizunguko kamili, na siku hizohizo nne umeme uliopita ulikuwa sifuri. Mashine haizunguki kwa dua. Mwiko aliisoma ile karatasi mara mbili, akarudi nyumbani na aproni yake mkononi.

Wiki ileile jina la Sumaku likazaliwa hapa kijiweni, na sijifichi, mimi ndiye niliyelizaa. Lilipendwa sana. Lilimganda mzee miaka tisa, likawaganda na wajukuu. Mwanzoni alikuwa anakana. Baadaye akachoka kukana. Mwishowe ukiita Sumaku, anaitika.

Jambo ambalo hakuna mtu kijiweni alilijua ni mkono wa nani ulikitega kipimo kile.

Basi Redio, ambaye hutengeneza redio na huwa na maelezo ya kila kitu isipokuwa kwa nini redio za watu hukaa kwake miezi sita, alikuwa amekaa karibu kabisa na mzee, bega kwa bega.

– Mzee Sumaku, leo unatuacha. Tuachie basi ile siri. Ulikuwa unafanyaje?

– Nilikuwa nakoroga.

– Hiyo tunaijua. Mimi nauliza ulikuwa unafanyaje.

Benchi likacheka. Mzee naye akatabasamu, tabasamu la mtu aliyevaa kiatu kinachombana hadi mguu ukachukua umbo la kiatu. Koleo peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe ambacho hakuwa amekinywa.

Breki akasema yeye anajua. Huyu Breki aliendesha malori hadi goti lilipokataa, na haamini kitu asichowahi kukiendesha. Alisema lori lake la mwisho lilikuwa na sensa kama hizo kwenye kila gurudumu, za kuhesabu mwendo, na ni vitu vyepesi kudanganyika kuliko mchumba. Kuna siku zilimhesabia safari nzima ilhali ameegesha, anakula. Kwa maoni yake mzee alifunga sumaku kwenye pangaboi, akailetea sensa karibu. Pangaboi linazunguka, namba zinakimbia, mtu amelala.

– Pangaboi nalo linakula umeme, Redio akamwambia.

– Linakula umeme wa ukuta mwingine. Kipimo kilikuwa kwenye ukuta huu.

Redio akasema fikra hiyo ni ya kidereva. Yeye aliona muziki. Spika ina sumaku, sivyo? Ngoma ikipiga mara mia kwa dakika, na sensa ikiwa imeegemea spika, kwa dakika arobaini una mizunguko elfu nne kamili. Mzee alikuwa anakikorogea kihesabio muziki. Breki, ambaye hapendi kushindwa, akaacha pangaboi akarukia paka: sumaku shingoni, paka anapita mbele ya sensa.

– Paka gani huyo anapita mahali pamoja mara elfu nne? Bi Birika aliuliza huku akipuliza makaa.

– Paka wa kiwandani. Kuna panya kule.

Redio aliona mchezo unamponyoka, akaipandisha bei. Akasema wanaojua sayansi wanajua kwamba dunia yenyewe ni sumaku, na inazunguka. Mtu akiijua pembe, akaielekeza sensa kaskazini, dunia inamhesabia bure.

– Dunia inazunguka mara moja kwa siku, Breki akasema.

– Hiyo ni kwa sisi tuliokaa kwenye benchi.

Nami nilichangia nadharia moja kutoka dirishani. Sitairudia hapa, ilikuwa nzuri kuliko zote, na ndiyo iliyochekesha zaidi. Mzee alisikiliza zote. Alishika kikombe kwa mikono miwili, na nadharia moja ikiisha anageuza shingo kuitazama inayofuata, kama mtu anayesikiliza hukumu ya mtu mwingine. Koleo alimwangalia ile mikono. Ina makovu meupe ya magadi, madoa madogo madogo hadi kwenye viwiko, na kidole gumba cha kulia kimepinda kwa miaka ya kushika mti. Aliwaza: mikono hii haijui kulala. Nilijua hivyo hata siku ile, na nikaandika sifuri.

Alikuwa anajiambia: sasa hivi, kicheko kikiisha. Kicheko kikaisha, kikaanza kingine.

Ndipo gari dogo la mizigo likasimama ng'ambo ya barabara, na mwanamke wa miaka kama thelathini na tano akashuka, amejifunga kitenge kiunoni juu ya gauni la safari. Alivuka, akatuamkia wote kwa shikamoo moja iliyotutosha, akamwambia baba yake dereva anasubiri, vitu vyote vimeshapakiwa, bado yeye tu. Bi Birika akasema hapana, mtu haondoki na kikombe kimejaa. Binti akakubali. Koleo akasimama kumpisha, na ndivyo binti alivyokuja kukaa juu ya tundu la kitasa bila kujua sheria yetu.

Redio, anayependa mgeni ili ajionyeshe, akamgeukia Koleo aliyebaki amesimama.

– Fundi, wewe ndiye mwenye mita. Mwambie binti hapa. Mita inasema uongo?

Swali hilo Koleo alikuwa ameulizwa pale kijiweni mara nyingi, na jibu lake lilikuwa moja miaka yote: kipimo ni kipimo. Alikuwa akilisema haraka, kisha anageuza mazungumzo. Safari hii alifungua mdomo likakataa kutoka. Alitazama gari lile ng'ambo ya barabara, godoro limesimamishwa ubavuni, sufuria zimefungwa ndani ya shuka.

– Mita haikusema uongo, akasema. Iliulizwa vibaya.

Kisha akanigeukia mimi dirishani, akaniomba pasi.

Nilimpa nikidhani anataka kutazama plagi. Akaichomoa ukutani, akatoa kisu, na mbele ya macho yangu akalipasua ganda la nje la waya wa pasi yangu, urefu wa kiganja, kama mtu anayemtoa samaki matumbo. Nilipiga kelele. Hakunisikia. Ndani ya lile ganda mlikuwa na nyaya mbili, mmoja wa kahawia na mmoja wa buluu, akazitanua kwa vidole hadi zikaachana. Akairudisha plagi ukutani, taa ya pasi ikawaka. Akatoa klampu kiunoni.

Kwanza akabana palipokuwa hapajapasuliwa, waya mzima na ganda lake. Akamwonyesha Breki.

– Soma.

– Sifuri.

– Pasi imezimika?

Breki alisogeza kiganja karibu na pasi, akakirudisha upesi. Pasi ilikuwa moto. Koleo akaachia, akaubana ule wa kahawia peke yake.

– Nne nukta tatu, Breki akasoma.

Akaubana wa buluu peke yake. Nne nukta tatu. Akazibana zote mbili pamoja. Sifuri.

Koleo alieleza akitazama chini, kwa sauti ndogo, na tulilazimika kuinama. Umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, alisema, kiasi kilekile. Ukiubana mmoja, mita inaunusa usumaku wake. Ukizibana zote mbili, wa kwenda unavuta huku na wa kurudi unavuta kule, zinalingana, na mita haisikii kitu. Hata mashine iwe inanguruma, mita itakuambia sifuri, na kwa inavyojua yenyewe itakuwa imesema kweli.

– Mimi ndiye niliyekitega kile kipimo, kaka.

Alimwambia mzee, lakini alikuwa anaitazama pasi.

Yeye akaendelea, maana alijua akisimama hataanza tena. Siku hizo alikuwa akifanya vibarua vya umeme kiwandani, na msimamizi alimwita asubuhi moja, akampa klampu ya kiwanda, ile yenye kumbukumbu inayoandika kila dakika tano, akamwambia aitege kwenye umeme wa mashine ya kukoroga, na mtu asijue, hasa Mwiko. Chumba cha swichi kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Alipofika alikuta sanduku la swichi limefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kliniki. Ndani ya sanduku nyaya zimeachana, unachagua mmoja, unabana, umemaliza. Angefanya hivyo hata usingizini. Nje ya sanduku palikuwa na kebo nene inayotoka ukutani, nyaya zote ndani ya ganda moja. Msimamizi alikuwa na haraka. Na yeye alikuwa na haraka. Akabana ile kebo nzima, akafunika kwa gunia, akaenda zake. Siku nne baadaye akasoma: sifuri, sifuri, sifuri, mstari mzima. Alishangaa kidogo, alisema. Kidogo tu. Kisha akaandika.

– Na sabuni? Bi Birika akauliza.

Sabuni ziliendelea kupasuka miezi miwili baada ya Mwiko kuondoka, hadi walipobadilisha mtu anayewaletea mafuta. Jambo hilo tulilijua sote. Lilipita hapa kijiweni, likanywewa kahawa, likaenda. Hakuna aliyelishika mkono likakae karibu na jina la Sumaku.

Redio akauliza, kwa upole ambao sikujua kama anao, alijua lini. Koleo akasema mwaka mmoja na nusu baadaye. Aliitwa nyumba moja kuangalia kwa nini fyuzi inakatika. Mwenye nyumba alikuwa anapiga pasi, yeye akabana waya wa ile pasi bila kufikiri, ukiwa mzima, na mita ikasema sifuri huku shuka inatoa moshi. Alisimama katikati ya chumba cha watu, jasho linamtoka, mwenye nyumba anamuuliza kama amepigwa na shoti. Siku hiyo alikuja kijiweni akiwa amekusudia kusema. Alimkuta mzee amekaa, anaitikia jina la Sumaku, amemwekea nafasi. Akakaa. Akasema kesho.

Mzee akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono, akaomba klampu. Koleo akampa. Nilitaka kumwonya juu ya pasi yangu, nikaona afadhali ninyamaze.

Aliubana ule wa kahawia. Alisubiri namba itulie, akaisoma kwa midomo bila sauti, kama alivyokuwa akiisoma mizunguko kabla ya kuiandika. Akaubana wa buluu. Akazibana zote mbili. Kisha akarudia tena, kahawia, buluu, zote, bila haraka, na pale kwenye zote alikaa muda mrefu akiitazama ile sifuri.

– Kwa hiyo ilikuwa inakoroga, akasema.

– Ilikuwa inakoroga, kaka.

– Nilijua.

Akamrudishia klampu, mdomo wa mita ukiwa umeelekezwa kwake mwenyewe, vile mtu mstaarabu anavyompa mwenzake kisu.

– Mke wangu aliniuliza mara moja tu, akasema. Kama kweli nilikuwa nakoroga. Nikamwambia ndiyo, akasema sawa. Hakuuliza tena mpaka anakwenda kaburini.

Akaokota kikombe, akakitazama ndani.

– Lakini aliuliza.

Koleo alitaka kusema kitu. Aliniambia baadaye alikuwa na maneno mengi, ameyapanga miaka yote hiyo: kwamba angekwenda kiwandani, ingawa kiwanda kilishahamishwa; kwamba angeandika barua, ingawa msimamizi alishafariki; kwamba angepita nyumba kwa nyumba aseme. Yote yalikuwa mazuri yalipokuwa kichwani. Badala yake akajikuta anarudia habari ya kebo na sanduku, kwamba ufunguo haukuwepo, kwamba fundi yeyote angeweza kukosea vile, hata wakubwa hukosea vile, na Redio akaanza kumsaidia, akasema ni kweli, usumaku ni kitu cha hila, na Breki akasema hata lori lake, na kwa dakika moja hivi kijiwe kikarudi kuwa kijiwe, kila mtu anamtafutia Koleo njia ya kutokea.

Binti alikuwa amesikiliza yote akiwa amekaa juu ya lile tundu, mkoba mapajani. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

– Samahani, baba mdogo. Hicho chumba cha swichi na alipokuwa baba, palikuwa mbali?

– Si mbali.

– Hatua ngapi?

Koleo alijua. Alishazihesabu, si siku ile, bali siku aliporudi kuchukua vifaa vyake kiwanda kilipokuwa kinahama. Alisimama pale kebo ilipotoka ukutani, akatembea hadi mlango wa chumba cha kukorogea, wenye kioo juu, kimo cha uso.

– Kumi na nne.

– Na mlango ulikuwa na kioo.

– Ulikuwa nacho.

Binti akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anataka kuelewa tu, Mungu ni shahidi yangu, hakukuwa na sumu katika sauti yake.

– Sasa kwa siku zote nne, mbona hukwenda kuchungulia?

Nimekaa kwenye dirisha lile miaka mingi. Nimewasikia watu wakijibu pale kwa nini bahari ina chumvi, kwa nini wanawake wanaishi zaidi ya wanaume, kwa nini jua halichoki. Redio alijikuna shingo. Breki alilitazama goti lake. Mimi niligundua pasi yangu bado iko ukutani, nikaichomoa. Uso wa Koleo ukawa kama wa mtu anayetafuta kitu chumbani huku amesahau alichokuwa anatafuta. Msimamizi alisema Mwiko asijue. Hakumkataza yeye asitazame. Alikuwa na mita mkononi, na mita ilishasema. Hilo ndilo jibu, aliniambia siku ya tatu, lakini lilivyo dogo hakuweza kumpa mtu.

Bi Birika akaliinamisha birika juu ya kikombe cha mzee ili amwongeze. Likatoa tone moja.

– Imekwisha, akasema.

Mzee akasimama. Alitikisa mkono wa Redio, wa Breki, akanipa mkono kupitia dirishani, na mimi nikaushika ule mkono wa madoa meupe na sikupata utani hata mmoja wa kumpa. Alipofika kwa Koleo hakumpa mkono, wala hakumnyima. Alikiokota kile kikombe ambacho Koleo alikuwa hajakinywa tangu afike, akamwekea kiganjani, akamkunjia vidole.

– Kunywa. Imepoa.

Akavuka barabara na binti yake. Wakati gari linawashwa nikaona nisipofanya kitu pale nitajichukia hadi kufa, nikatoa kichwa dirishani nikaita kwa nguvu zangu zote, nikaita Mwiko. Jina hilo halikuwa limetamkwa mtaani kwetu miaka tisa. Yeye alikuwa ameshakaa mbele, kando ya dereva. Akageuka, akatoa mkono nje ya dirisha la gari, na kwa ule mkono akakoroga hewa mara moja, polepole, duara kubwa, vile alivyokuwa akikoroga kwa mti kabla mashine haijaja. Gari likakata kona.

Pasi yangu ninayo hadi leo, imefungwa gundi ya kijivu pale ilipopasuliwa. Koleo bado anakuja, huchelewa makusudi ili akalie tundu, na mtu akimuuliza kama mita inasema uongo anasema nenda ukatazame kwa macho. Yote niliyokueleza nimeyaona, na yale ya moyoni nimeyapata kwa mwenyewe. Ni hilo la mzee kugeuka tu. Niliita, hilo ni kweli, na Bi Birika atakuthibitishia. Lakini hakugeuka, na ule mkono nimeutia mimi.